Mwaka wa Kuitika

"Na mimi nakwambia, Mwalimu, usaha hausemi uongo," alisema Stumai, akamgeuza binti yake kwa mara nyingine ili sikio la kushoto lielekee mezani. "Hebu tazama. Hii ni nini, maziwa?"

Mwalimu Mkuu Ngwandu hakutazama. Tangu ugomvi uanze alikuwa ameyaelekeza macho yake kwenye picha ya Waziri iliyotundikwa ukutani, kama mtu anayemwomba radhi mkubwa kwa niaba ya mgeni asiye na adabu. Alikwisha kueleza kwa upole, kisha kwa upole uliopungua, kwamba shule yake haina utaratibu wa kutazama masikio. Ina utaratibu wa kuuliza. Sasa aliweka tai yake sawa, akakohoa, akauliza.

"Mboni, hujambo?"

Mtoto alibana visigino, akashusha mikono ubavuni. Sauti ilitoka ikiwa imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. "Sijaaambo, Mwalimu Mkuu. Shikamoooo."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapaaana."

"Una shida yoyote, mwanangu?"

"Sinaaa."

Tone la usaha likatoka sikioni taratibu, likafuata taya, likadondokea kwenye kola nyeupe ya sare. Mboni alikuwa akitabasamu. Somo la kutabasamu lilikuwa la muhula wa kwanza, naye alikuwa amelifaulu vizuri.

"Umemsikia," alisema Mwalimu Mkuu. "Tena kwa sauti safi kabisa. Sasa mwongo hapa nani, Mama Mboni? Mtoto, au wewe?"

*

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ni nchi nzuri, ina mlima, ina ziwa, na ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozijua. Zamani watoto wake wa darasa la kwanza walifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, kama watoto wa nchi nyingine zisizo na dira. Waliimba herufi, walipanga vizibo vya soda kwenye dawati wakavijumlisha, na ilipofika mwisho wa mwaka wengi waliweza kuandika majina yao, ingawa wengine waliyaandika ukutani.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku Waziri mmoja alipotembelea shule ya wilayani, akawahutubia watoto kwa kirefu kuhusu uchumi wa viwanda, kisha akamaliza kama kila kiongozi anavyomaliza, kwa kuuliza kama wameelewa. Darasa zima liliitikia ndiyo. Isipokuwa mtoto mmoja wa mstari wa mbele, mwenye pengo, aliyesema, "Mimi sijaelewa."

Hakusema kwa ubaya. Waliokuwepo wanasema hata alitabasamu. Lakini Waziri alibaki amesimama pale bila neno, kwa kuwa hakuna waziri wa nchi ile aliyewahi kufika mahali hapo katika hotuba. Msafara uliondoka bila kula pilau. Tume iliundwa, ikazunguka nchi nzima, ikala lile pilau na mengine mengi, na mwishowe ikabaini kwamba mtoto yule hakuwa mkorofi. Alikuwa hajaandaliwa. Alikuwa amefundishwa herufi kabla ya kufundishwa kukubali, jambo ambalo mwenyekiti wa tume alilifananisha na kujenga nyumba kuanzia kwenye bati.

Ndipo ukazaliwa Mwaka wa Kuitika. Darasa la kwanza lote likatolewa kwa kazi hiyo, na kusoma kukasogezwa darasa la pili, baadaye la nne, baadaye "kadiri mtoto atakavyokomaa." Masomo yakawa mapya. Kulikuwa na Kuitika kwenyewe, ambamo mtoto anaulizwa kama ameelewa, kama ameshiba na kama hajambo, na kila swali lina jibu lake moja. Kulikuwa na Makofi, na Kupungia Msafara, somo la vitendo linalofanyika barabarani. Na kulikuwa na Kumalizia, ambamo mwalimu anasema nusu ya neno na darasa linatoa nusu iliyobaki.

Walimu hawakupata tabu na somo hili la mwisho, maana walikuwa wakilifanya tangu enzi na enzi. Mwalimu alisema, "Leo tunajifunza kuhe…" na darasa likapokea, "…sabu." Tofauti ni kwamba siku hizi hesabu yenyewe haikufuata. Watoto walinolewa wasiache neno lining'inie hata mara moja, na ilifika mahali mtoto wa nchi ile hakuweza kuacha kulimalizia neno, kama vile wewe usivyoweza kuizuia chafya ikishakuja. Wizara ilipima matokeo kwa kuwauliza watoto kama wamefaulu. Walikuwa wamefaulu.

*

Stumai hakuwa mtu wa kupinga serikali. Hakuwa na muda huo. Alikuwa na stashahada ya ugavi, iliyompa kazi ofisini kwa mwaka mmoja na nusu mpaka alipochoka kusubiri vikao viishe, na sasa alikuwa na kiwanja chake cha kufyatua matofali ya saruji nyuma ya soko. Kazi aliijua. Tofali likikauka unaligonga kwa kifundo cha kidole, nalo linakwambia lilivyo. Likilia vizuri linapakiwa. Likitoa sauti ya kifua kibovu linasagwa upya. Hakuwahi kukutana na tofali bovu lililolia kama zima.

Mboni naye alikuwa hivyo kabla ya shule. Hata usipomgonga, alilia mwenyewe. Uji una mabonge. Kiatu kinabana hapa, siyo hapo, hapa. Shangazi akinibusu ananichoma ndevu. Kwa nini mwezi unatufuata na jua halitufuati. Stumai alimpenda mwanawe kwa moyo wote, lakini kuna asubuhi alizotamani mtoto amezwe na shule hata nusu siku, wamfundishe utulivu kidogo.

Basi walimfundisha. Muhula wa kwanza ulipoisha, uji ulikuwa hauna mabonge tena, hata siku ambayo Stumai mwenyewe aliyaona yakielea. Mboni alirudi nyumbani anachechemea, soksi imeganda kwa damu kisiginoni, na alipoulizwa kama kiatu kinabana aliitikia hapana kwa sauti nzuri ya kuimba. Alianza pia kuwamalizia watu maneno. Baba yake, Akida, aliyekuwa karani wa idara ya maji, alikuwa mzito wa kusema, na akikwama katikati ya "niletee ki…" Mboni alipokea "…kombe" na kabla baba hajameza mate kikombe kimeshafika. Alichokimalizia alikifanya, papo hapo, bila kufikiri. Akida alifurahi sana. Alisema mtoto amekuwa na akili.

Kisha ikaja harufu. Stumai aliisikia kwenye mto wa Mboni alipokuwa akitandika kitanda asubuhi, akadhani panya amekufa. Alimshika mtoto, akamgeuza kichwa, akaona. Shavu lilikuwa la moto. Aliuliza tangu lini, akaambiwa sijambo. Aliuliza kama anamsikia vizuri upande huu, akaambiwa sijambo, tena baada ya kuuliza mara ya pili kwa sauti ya juu, maana mara ya kwanza Mboni hakusikia.

"Mtoto mwenyewe anasema hajambo," alisema Akida kutoka mlangoni, amevaa tayari kwenda kazini. "Sasa wewe unang'ang'ania nini?"

Stumai aliendelea kumfuta mtoto usaha. Alijua kwamba idara ya Akida nayo ilikuwa imeacha kukagua mabomba, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuwapigia simu wateja na kuwauliza kama maji yanatoka.

*

Zahanati ilikuwa tupu. Ukutani palikuwa na cheti cha pongezi, kwa kuwa magonjwa ya watoto wilayani yalikuwa yamekwisha. Tabibu, kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kwa kukosa kazi, alimkalisha Mboni kwenye kiti, akamuuliza kama anaumwa, akajibiwa, akaweka kalamu chini.

Stumai alimwambia achungulie sikio.

Tabibu alimweleza kwamba angechungulia kwa furaha, ila kifaa cha kuchungulia ni cha wagonjwa. Mtu mzima angeweza kujisemea. Mtoto mchanga angesemewa na mama yake. Lakini mtoto wa Mwaka wa Kuitika majibu yake ni ya serikali, na mzazi hawezi kuyapinga, la sivyo kila mzazi angekuwa na wizara yake. Labda mtoto aseme mwenyewe kwamba anaumwa, au Mwalimu Mkuu atoe ruhusa ya kuumwa. Alisema haya yote huku amegeukia dirisha. Halafu, bila kugeuka, akaongeza kwa sauti ya chini.

"Dada, ningekuwa nimemwona, ningesema apelekwe hospitali ya mkoa leo hii. Homa pamoja na usaha kama huo, mtoto anaweza kupoteza sikio, na sikio siyo mwisho wake. Lakini sijamwona."

Ndiyo maana Stumai alikuwa amesimama sasa mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu, akiitwa mwongo.

Hakutukana. Alisema anachotaka ni ruhusa tu, neno moja, kisha ataondoka na mtoto wake na Mwalimu abaki na picha yake. Ngwandu akashusha pumzi, akawa mpole tena. Alisema Mama Mboni ni msomi, ataelewa. Jumamosi ni Siku ya Uitikio. Waziri mwenyewe anakuja, na katika shule zote za wilaya imechaguliwa hii. Darasa la kwanza lote litasimama mbele yake. Kama leo akisema mtoto mmoja anaumwa, wakubwa watauliza ameanza lini, na kwa nini aliitikia hajambo, na wengine wangapi wanaitikia hivyo. Swali la namna hiyo halina mwisho. Jumamosi ikishapita, Jumatatu asubuhi atatoa ruhusa ya kuumwa kwa mkono wake mwenyewe.

"Na mimi nimekufikiria," alisema, akafungua droo na kumpa karatasi iliyopigwa chapa. "Wewe ndiye utakayetoa neno la shukrani kwa niaba ya wazazi. Limeshaandikwa. Wewe ni kulisoma tu."

Ilikuwa desturi ya nchi ile kumpa kipaza sauti yule anayelalamika zaidi, pamoja na maneno ya kusema. Lilikuwa jambo ambalo halikuwahi kushindwa.

Stumai aliichukua karatasi. Hakuwa na pengine pa kwenda.

*

Siku zilizobaki alijaribu njia yake. Alinunua dawa ya matone akisema ni ya sikio lake mwenyewe, na muuza duka, ambaye hakuwahi kusoma Mwaka wa Kuitika, alimpa pole. Matone yalipunguza harufu. Homa hayakuipunguza.

Alijaribu pia kumfundisha mtoto kuumwa. Alimkalisha jikoni juu ya kigoda, akachuchumaa mbele yake, akamwambia aseme tu, mara moja, sikio langu linauma, na wakitoka hapo wanakwenda moja kwa moja hospitali. Mboni alimtazama kwa macho mekundu ya homa. Midomo ilitetemeka. Kisha akaiziba kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayezuia kutapika.

"Mbona husemi, mama?"

"Mwalimu Pendaeli wa darasa letu alisema anayeumwa anaharibu mstari," alinong'ona Mboni katikati ya vidole. Kisha akaogopa alichosema, akashusha mikono na kutabasamu. "Sijambo."

Stumai alikwenda uani, akapiga teke ndoo ya maji mpaka ikaviringika hadi ukutani. Kisha akairudisha, akaijaza tena, kwa kuwa vyombo vilikuwa bado havijaoshwa.

*

Jumamosi watoto walipangwa uwanjani kabla jua halijatoka vizuri, bila chai, ili wasiombe ruhusa ya kwenda msalani. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Walikuwa hawaombi tena.

Hema la wageni lilisimamishwa upande wenye majani laini. Watoto walisimamishwa ng'ambo, kwenye udongo mwekundu, mahali ambapo mvua ya juzi ilikuwa imefukua mashimo. Wazazi walikaa pembeni kwenye mabenchi. Stumai aliwekwa benchi la mbele kwa ajili ya heshima yake, karatasi ya shukrani mapajani, na kutoka pale aliweza kumwona Mboni kwenye mstari wa pili, mashavu yaking'aa kama yaliyopakwa mafuta.

Waziri alifika baada ya jua kukolea. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, na hotuba yake ilikuwa ndefu kama ilivyotarajiwa. Alisema mataifa mengine yanahangaika na maswali, na ndiyo maana hayalali. Alisema mtoto anayeuliza ni mtoto ambaye hajaamini. Alisema akiwatazama watoto hawa haoni watoto, anaona jibu. Kila baada ya sentensi kadhaa alisimama na kuwaachia neno.

"Taifa linaloitika ni taifa linaloende…"

"…leaaa," walipokea watoto.

"Na sisi hatuna ma…"

"…tatizooo."

Wageni walitikisa vichwa kwa raha. Hapo ndipo Stumai alipoona ardhi inatembea.

Siafu walikuwa wametoka kwenye mashimo yaliyofukuliwa na mvua. Walikuja kwa mstari mmoja mweusi, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, ulionyooka kuliko mstari wowote ambao Ngwandu aliwahi kuupanga, wakafika kwenye viatu vya mstari wa mbele, wakapanda. Kila aliyewahi kukanyaga njia ya siafu anajua kinachofuata. Mtu hucheza bila ngoma. Huvua nguo mbele ya mkwe. Stumai alimwona mvulana wa mbele akikakamaa ghafla, halafu msichana wa jirani yake, halafu mkakamao ukapita mstari mzima kama upepo unavyopita kwenye mahindi. Lakini hakuna aliyeinama. Hakuna aliyekung'uta mguu. Machozi yalianza kutiririka kwenye nyuso zote za mbele kwa pamoja, na nyuso zote zilikuwa zikitabasamu.

"Watoto, hamjambo?" aliuliza Waziri, akichangamsha hotuba.

"Hatujaaambo."

Stumai aliinuka, akapita nyuma ya hema hadi alipokuwa Mwalimu Mkuu, akamwambia sikioni watoto wanaliwa na siafu. Ngwandu hakugeuza shingo. Alisema atashughulikia. Akasogea hatua chache kuelekea kwa watoto, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akawauliza kwa sauti ya chini kama wana tatizo lolote. Akarudi.

"Nimewauliza," alisema. "Hawana."

Stumai alikwenda kwa Mwalimu Pendaeli, aliyekuwa amesimama mwisho wa mstari, msichana mdogo ambaye yeye mwenyewe alikuwa wa kundi la kwanza kabisa la Mwaka wa Kuitika. Siafu walikuwa wameshampita magoti. Mikono yake ilikuwa imeshikana mgongoni mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Mwalimu, watoe watoto hapa."

"Hatujambo, Mama Mboni," alisema Pendaeli, na chozi likamdondokea kwenye blauzi. "Karibu. Hatujambo kabisa."

Basi Stumai akaingia mstarini mwenyewe, akamshika Mboni mkono, akavuta. Mboni hakuja. Alikuwa ameshikana mikono na wenzake, huyu kulia na yule kushoto, kwa nguvu ambayo mama hakuijua. Shingoni mwake siafu wawili walikuwa wakielekea kwenye lile sikio.

"Sijambo, mama," alisema, huku anatetemeka mwili mzima. "Sijambo. Sijambo. Usiharibu mstari."

Stumai aliwapangusa wale wawili wa shingoni. Angeweza kumnyanyua kwa nguvu. Alikuwa ananyanyua mifuko ya saruji kila siku, mtoto huyu angemshinda nini. Lakini angemfikisha wapi? Angempeleka hospitali ya mkoa, wangemuuliza, angeimba, na wangeweka kalamu chini. Na hawa wengine wangebaki hapa, wakiitika, mpaka Waziri afike kwenye ahadi za mwisho. Alitazama mdomo wa mwanawe ukijiandaa kupokea neno linalofuata kutoka jukwaani. Mdomo ulikuwa wazi tayari, unasubiri nusu yake.

Akageuka, akatembea moja kwa moja hadi jukwaani.

Mshereheshaji alimwona anakuja na karatasi mkononi, na mtu mwenye karatasi katika nchi ile lazima yumo kwenye ratiba. Waziri alikuwa amenyamaza kidogo anywe maji. Mshereheshaji akampa Stumai kipaza sauti cha pili.

Stumai aliiacha karatasi ianguke. Alivuta pumzi, akatafuta sauti ya Pendaeli, ile ya ubaoni, ya kuimba.

"Watoto. Miguuni kwetu kuna si…"

Midomo ya mstari wa mbele ilifunguka. Kisha sauti chache za nyuma zikajikwaa nalo, na zote zikafuata. "…afuuu."

Wageni walipiga makofi. Walidhani ni onyesho. Afisa itifaki alipekua ratiba yake, akaona neno Kumalizia limeandikwa, akatulia.

"Siafu wanau…"

"…ma." Safari hii halikuimbwa. Lilitoka kama kitu kilichotemwa.

"Na sisi tunau…"

"…mia."

Waziri aliteremsha glasi. Ngwandu alikuwa anakuja mbio kupitia katikati ya hema, mikono mbele. Stumai alishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo tunaki…"

"…mbia," walisema watoto wote, na walichokimalizia wakakifanya.

Walikimbia upande wowote ulio mbele yao, na mbele yao kulikuwa na hema. Walikwenda wakilia kwa sauti ambazo hakuna aliyewafundisha, kila mmoja na yake, wakikung'uta miguu, wakivua viatu, wakiwapanda wageni mapajani kama ngazi. Siafu waliokuwa miguuni mwao walipata miguu mingine. Mkuu wa wilaya alisimama juu ya kiti. Pendaeli alikuwa amekaa chini kwenye majani, sketi imekunjwa, akijichuna siafu mmoja mmoja na kulia kwa kwikwi kama mtoto wa darasa la kwanza. Na Waziri, aliyekuwa amebaki peke yake jukwaani akiwa ameinua mguu mmoja na kujipiga kwenye soksi, aliulizwa na afisa itifaki kama Mheshimiwa hajambo.

"Sijambo," alisema Waziri, uso umekuwa wa rangi ya udongo.

*

Stumai alimpata Mboni nyuma ya benchi la wazazi, amekaa, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alimchuna siafu wa mwisho shingoni, akamweka mgongoni kama mtoto mchanga, akaelekea kwenye geti. Ngwandu aliwahi kufika kabla yao. Alikuwa amepoteza tai. Alisimama katikati ya geti, amenyoosha mikono pande zote mbili, akihema, na akasema kwamba hakuna anayetoka na mtoto wa serikali bila ruhusa. Mtoto huyu hana tatizo. Walimsikia wenyewe, wiki hii hii, kwa sauti safi.

"Muulize," alisema Stumai.

Alisema hivyo akijua kwamba kama Mboni ataimba, hana tena la kufanya. Alihisi mwili wa mtoto ukikakamaa mgongoni mwake, visigino vikitafutana.

Mwalimu Mkuu alikohoa. Alijaribu kupata ile sauti ya ofisini. "Mboni. Hujambo?"

Hakuna aliyeanza neno lolote la kumalizia. Nyuma yao uwanja ulikuwa ukilia. Stumai hakugeuza shingo.

"Sikio linauma," alisema Mboni.

Ngwandu alishusha mikono yake. Haikujulikana kama alifanya hivyo kwa kuwapisha au kwa kukosa jibu lililofundishwa. Stumai alimpita, akavuka barabara, akaanza kutembea kuelekea hospitali ya mkoa kwa hatua za mtu mwenye mzigo unaoweza kuvunjika.

"Linauma sana," alisema Mboni. "Linauma hapa, siyo hapo, hapa ndani. Na miguu inawasha. Na kiatu changu kimebaki kule. Na wewe mama unanibana. Na ule uji wa jana ulikuwa na mabonge, na wa juzi, na wote."

Alilalamika hivyo njia nzima, na mama yake hakumwambia anyamaze.